Kulala si kufa
Mwandishi umesema ati sehemu ya moyo isiyodunda vizuri ni nyama imekufa, hapo umeteleza kidogo. Mshipa wa kupeleka damu kwa moyo ukiziba polepole kwa miaka, misuli ya moyo inapunguza kazi ili itumie oksijeni kidogo, yaani imelala tu, na damu ikirudi inaweza kuamka. Halafu vimishipa vya pembeni vinapanuka kuzungusha damu kando ya pale pameziba, ni kama jam ya Thika Road dere akikatia ndani Githurai, mtafika lakini si kwa spidi ile, ndo maana babangu akiwa kwa kiti yuko fiti ila ngazi za fleti zinamshika kifua. Kuziba ghafla nayo ni stori ingine kabisa, misuli inaanza kufa kama nusu saa hivi na watu wa ploti yetu bado wanachemsha tangawizi badala ya kukimbia hosi 😩