Muuguzi Mfawidhi na Koti la Kuazima

Katika hospitali nyingi za Tanzania, mgonjwa anayeingia wodini huwa na kanuni yake ya kuwatambua watu: mwenye gauni jeupe na mkanda ni sista, mwenye koti jeupe ni daktari. Kanuni hiyo hukosea mara nyingi, kwa kuwa koti huvaliwa pia na mfamasia, mtaalamu wa maabara na hata mwanafunzi wa udaktari ambaye hajawahi kumtibu mtu peke yake, huku muuguzi wa kiume akiitwa "dokta" avae koti asivae. Ndani ya mkanganyiko huo ndipo linapoibuka swali la iwapo muuguzi mfawidhi, matroni au inchaji wa wodi naye avae koti jeupe juu ya yunifomu yake.

Wanaounga mkono wana hoja isiyopuuzika. Kiongozi huyu hupanga zamu, husimamia dawa na vifaa, hupokea malalamiko ya ndugu wa wagonjwa na huketi kikaoni pamoja na wakuu wa idara, na bado mgeni anayeingia wodini humpita akimtafuta "mkubwa wa hapa". Kumwambia kwamba koti si lake, ilhali kijana wa mwaka wa tatu chuoni anafuata raundi akiwa amelivaa, ni jambo gumu kulitetea. Wapo wanaojibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri, lakini wanasahau kwamba madaktari nao waliliazima: katika karne ya 19 walifanya kazi na makoti meusi, na lile jeupe walilichukua maabara kuelekea mwisho wa karne hiyo, nadharia ya vijidudu, yaani kwamba vijidudu ndivyo vinavyosababisha magonjwa mengi, ilipoipa sayansi hadhi mpya. Nchini Marekani, hafla ya kuwavisha makoti wanafunzi wa udaktari, iliyopata umaarufu kutoka Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1993, ilipanuliwa mwaka 2014 ili iwafikie wanafunzi wa uuguzi.

Upande wa pili huanza na mikono. Mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Uingereza ilielekeza kwamba wanaohudumia wagonjwa wawe na mikono wazi chini ya kiwiko, na koti la mikono mirefu likaondoka wodini. Kwa haki, ushahidi kwamba koti lenyewe huwaambukiza wagonjwa ni hafifu. Kilicho wazi ni kwamba vijidudu hukaa kwenye kitambaa na kwamba mkono wa nguo huzuia kunawa vizuri hadi kwenye kifundo. Hoja hii huwa na uzito zaidi kwetu, kwa sababu inchaji si mtu wa mezani tu. Zamu ikipungukiwa, yeye ndiye anayetundika dripu, anayebadilisha shuka lililolowa na anayempokea mama mwenye uchungu. Koti atalivua na kulitundika wapi, na nani atalifua, kama si yeye mwenyewe nyumbani kwake?

Hata hivyo, kinachonielemeza upande huo si vijidudu. Mgonjwa aliyezungumza na mwenye koti atawaambia ndugu zake kwamba "daktari amesema", na kauli ya muuguzi, hata ikiwa sahihi kabisa, itahesabiwa kwa mwingine. Hapo koti huwa limempandisha mtu na kuificha taaluma yake. Tafiti zilizofanyika Italia katika miaka ya 1980 zilionyesha kwamba shinikizo la damu la mgonjwa hupanda zaidi linapopimwa na daktari kuliko linapopimwa na muuguzi. Huenda kitambaa hakihusiki, lakini kuonekana kuwa muuguzi kuna faida ambayo kiongozi hapaswi kuitupa kwa haraka.

Vikaoni na ofisini sioni ubaya wa koti, na anayelipenda alivae. Wodini, yunifomu ya mikono mifupi na kitambulisho chenye maneno "Muuguzi Mfawidhi" kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni vingefanya kazi ya kumtambulisha kwa gharama ndogo, mradi kibandikwe kifuani, maana vile vya kuning'iniza shingoni hugeuka nyuma mbele kabla hata raundi ya asubuhi haijaanza.