Mstari mwekundu wa kila asubuhi

Jamani, hili la chipu ya TPM, ile ya usalama inayotunza funguo za siri za kompyuta, limenichosha. Kila asubuhi nawasha laptopu yangu yenye Linux, na kabla hata sehemu ya kuweka neno la siri haijatokea, mstari uleule unapita: tpm0, hitilafu namba 2314 wakati chipu inajipima. Nikiandika journalctl -k -b, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo tangu ulipowaka, uko palepale, mwekundu.

Hitilafu yenyewe ningeivumilia. Kinachonikera ni kwamba kerneli, yaani kiini cha Linux, inaitoa namba hiyo kwa desimali, ilhali majedwali ya hitilafu za TPM yameandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Unaitafuta 2314 usiku kucha huioni, mpaka uigeuze iwe 0x90A. Na maana yake? Chipu bado inajipima, subiri kidogo. Basi! Kwa nini isiseme hivyo kwa maneno?

Ukiuliza watu unajibiwa, "Puuzia tu." Mimi sikubali. Ukishazoea kupuuzia mstari mwekundu, siku tatizo la kweli likija utalipita vilevile. Mwezi uliopita nilisasisha BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, vipimo vya PCR 0, sehemu ya chipu inayohifadhi vipimo vya BIOS hiyo, vikabadilika, na chipu ikakataa kutoa ufunguo wa diski yangu iliyofungwa kwa usimbaji. Isingekuwa neno la siri la akiba nililoliandika kwenye daftari, kazi yangu ya miaka mitatu ingebaki imefungwa humo ndani. Na ile skrini ya kusasisha haikunionya hata kwa sentensi moja kwamba ufunguo ule umefungwa kwa vipimo vya BIOS ya zamani.