Kompyuta ya Shemeji Ilipopata Kasi

Shemeji yangu ana steshenari Mbagala, na kompyuta yake ya Windows 7 haizimwi. Ikizimwa inagoma kuwaka mpaka ipigwe kofi la ubavuni, na kofi lenyewe analijua yeye tu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kujifunza Java, lugha ya kuandikia programu, laptopu sina, nikaomba niitumie jioni wateja wakiisha. Akakubali kwa sharti moja: "Bwana shemeji, usiniharibie mitihani ya watu."

Nikainstoli Java 8, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika javac -version, kuuliza kama chombo cha kutafsiria programu za Java kipo. Likajibu kwamba javac haitambuliki, si amri ya ndani wala ya nje. Mtandaoni wakasema niongeze anwani ya folda ya bin, javac inamokaa, kwenye Path, ile orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri. Sasa, kwenye Windows 7 Path inakaa ndani ya kisanduku chembamba, mstari mmoja mrefu kama treni ya mizigo, na ukikifungua tu maandishi yote yanakuwa yameshachaguliwa, bluu tupu. Mimi ile bluu nikadhani mapambo. Nikabandika anwani yangu, nikabofya OK mara tatu bila kusoma.

Nikarudi kwenye dirisha jeusi: bado haitambuliki! Nikalitukana, nikalishusha chini, nikafungua jingine. Humo ikaitika: javac 1.8.0 na mkia wa tarakimu. Nikajipigia makofi peke yangu, kati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya karatasi.

Shemeji ana kafaili kake, alitengenezewa na fundi. Jioni akikabofya kanafungua dirisha jeusi, kananakili kazi za siku kwenye flashi kwa amri ya xcopy, kanajifunga. Dakika mbili hivi. Kesho yake dirisha likatokea na kupotea kufumba na kufumbua.

"Duh! Shemeji, hiyo Java yako imeongeza kasi!"

Akaninunulia soda. Nikainywa, nikamwongezea na maelezo kuhusu kumbukumbu ya mashine, ambayo mpaka leo sijui niliyatoa wapi.

Flashi hiyo hupelekwa kwa mdogo wake, mwenye printa kubwa. Asubuhi akapiga simu: "Kaka, kwani harusi imeahirishwa? Mbona kadi zile zile za wiki iliyopita? Na mtihani wa darasa la sita uko wapi?"

Shemeji akanitazama. Nikakimbilia kibodi. Nikaandika xcopy: haitambuliki. Ping: haitambuliki. Nikafungua Path, nikakuta anwani yangu peke yake, imejinyoosha kama mgeni aliyefukuza wenyeji. System32, zinakokaa amri zote hizo, nilikuwa nimeifuta na ile bluu.

Jasho likinitoka, nikaliona chini kabisa lile dirisha nililolitukana. Dirisha la namna hiyo huibeba Path ya wakati lilipofunguliwa mpaka lifungwe. Ndiyo maana lilinigomea. Nikaandika echo %PATH%, yaani nionyeshe Path yako, treni nzima ya zamani ikapita, behewa kwa behewa. Nikainakili, nikairudisha mahali pake, nikaweka nukta mkato, kisha anwani yangu mkiani.

Jioni shemeji akabofya kafaili kake. Dirisha likafunguka, likaanza kuhesabu mafaili moja moja. Akasubiri, mikono kiunoni.

"Shemeji, mbona imerudia uvivu? Hebu niwekee ile kasi ya juzi."