Mashine ya ozoni: Mtumba au Nala?

Ukitaka kujua hewa ya mji imechafuka kiasi gani, akili inakutuma stendi, sokoni, kwenye mataa. Kwa vumbi na moshi uko sawa. Kwa ozoni umepotea njia. Gesi hii haitoki kwenye ekzosi ya gari lolote. Hujitengeneza hewani pale jua kali linapokutana na oksidi za nitrojeni za injini pamoja na mvuke wa petroli, rangi na moshi wa kuni. Tena barabarani penyewe huwa kidogo, maana moshi mbichi wa magari huila. Hewa ikishasafiri na upepo saa kadhaa ndipo ozoni inapoongezeka, juu ya vichwa vya watu wa pembezoni ambao wengi wao hawana hata pikipiki.

(Hii si ile ya angani inayotukinga na jua. Gesi ni hiyo hiyo, ila ya huku chini tunaivuta.)

Sasa tazama Dodoma. Upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Mji wa Serikali uko Mtumba, mashariki. Kiofisi hapo ndipo pa kuweka mashine ya kupima ozoni: umeme upo, ulinzi upo, wakubwa wataiona. Lakini itakuwa inapima hewa ambayo bado haijaingia mjini. Iliyokwisha kupita juu ya mji inaelekea magharibi, Nala na upande wa Bahi.

Wapo wanaosema kupima ozoni ni anasa. Hoja yao ina uzito. Mji wa watu 765,179, kwa sensa ya 2022, si Los Angeles, jiji la mamilioni ya magari, na kinachotukohoza kila siku ni vumbi la Agosti na moshi wa mkaa. Mashine yenyewe ni ghali na ina madeko. Hupitisha mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, wa nanomita 254 ndani ya hewa na kupima kiasi kilichomezwa na ozoni. Kabla ya hapo hewa hupita kwenye kichujio, na kichujio hicho kwa vumbi letu hakikawii kugeuka kahawia. Kikichafuka kinakula ozoni, namba zinashuka, na ofisini watashangilia hewa safi. Vipima bei rahisi navyo vinayumbishwa na joto na kuchanganya ozoni na nitrojeni dioksidi, moja ya zile oksidi za injini.

Nakubali kwamba fedha nyingi ziende kwenye vumbi na moshi. Sikubali kwamba ozoni isubiri. Barabara ya mzunguko wa nje, ya kilomita 112.3, inapeleka malori huko huko pembezoni. Tusipopima sasa, baadaye tutalinganisha na nini? Halafu kuna zabibu. Mwaka 1958 watafiti wa California walieleza vidoa vyeusi vidogo juu ya majani ya mzabibu, katikati ya vishipa, vilivyotokana na uchafu huu wa hewa. Sisemi majani ya Hombolo au Mpunguzi yanaugua hivyo. Vidoa vinaweza kuwa ukungu tu. Ila bila kipimo jirani, bwana shamba atabaki kupendekeza dawa.

Pa kuanzia si pa gharama: vijibomba vyenye kemikali inayonasa gesi, visivyotaka umeme, vifungwe kwenye nguzo Nala, Zuzu na Makutupora, kuanzia Oktoba, jua likiwa utosini na mawingu hakuna, hadi mvua za Desemba. Kimoja kiwe Mtumba, maana tofauti ya huko na Nala ndiyo itakayodokeza mji umeongeza nini. Kasoro yake ni kwamba vinatoa wastani wa wiki nzima au zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka tusizidi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa nane. Kilele cha alasiri hakitaonekana humo. Hapo mashine haikwepeki. Ikipatikana moja tu, iende Nala, kwenye zahanati yenye umeme, na bajeti yake iwe na mtu wa kubadilisha kichujio.