Ella Koblo Gulama: kiti cha chifu na kura ya wananchi

Uchaguzi wa 1957 nchini Sierra Leone, miaka minne kabla ya uhuru, unawaweka wanawake wawili sambamba. Constance Cummings-John, mwalimu na mwanaharakati wa Freetown, aliomba kura mjini na akashinda. Matokeo yakapingwa mahakamani, naye akaishia kujiuzulu. Ella Koblo Gulama, chifu mkuu wa Kaiyamba, himaya iliyo wilaya ya Moyamba, kusini mwa nchi, aliingia kwa kiti cha machifu. Hakung'olewa, na baada ya uhuru akawa waziri wa kwanza mwanamke nchini humo.

Ndiyo maana wapo wanaosita kumwita mkombozi wa wanawake. Hoja yao ina uzito. Bunge lile lilikuwa na viti 12 vya machifu wakuu, kimoja kwa kila wilaya ya bara, yaani nje ya eneo la Freetown, na havikujazwa kwa kura ya wananchi wote. Uchifu wenyewe hugombewa na koo za kitawala tu. Ella, aliyezaliwa Moyamba mwaka 1921, alikuwa binti wa Julius Gulama, chifu mkuu wa Kaiyamba aliyesikilizwa katika eneo lote hilo la bara na aliyekuwa karibu na Milton Margai, waziri mkuu wa kwanza. Mumewe, Bai Koblo Pathbana II, alikuwa chifu mkuu wa Marampa, kaskazini. Mkulima wa mpunga pale Moyamba, awe hodari namna gani, asingeweza kupita njia hiyo. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka ubishi wetu juu ya viti maalumu: anayeingia bila jimbo, anamwakilisha nani?

Hata hivyo, naona wakosoaji wanaruka jambo moja kubwa. Kuzaliwa kwa chifu hakukumpa kiti bure. Alisoma Harford, shule ya wasichana ya Moyamba, akawa mwalimu, na mwaka 1953 ilibidi achaguliwe na wajumbe wa himaya yake. Isitoshe, kwa Wamende, watu wa kabila lake, hakuwa ajabu. Moyamba hiyohiyo ilitawaliwa na Madam Yoko hadi alipofariki mwaka 1906, mwanamke aliyekuwa na nguvu kuliko machifu wengi wanaume wa enzi zake. Ni kweli Yoko alisimama na Waingereza katika vita vya kodi ya nyumba vya 1898, na doa hilo halifutiki. Lakini mila ya kumtii mwanamke kama mtawala ilikuwepo, na Ella aliitumia kufika mahali ambapo siasa za vyama zilikuwa bado hazijamfikisha mwanamke na kumwacha akae. Kumlaumu kwa kupita mlango uliokuwa wazi, wakati ule wa Cummings-John ulifungwa mara tu alipouvuka, naona si haki.

Ninachomlaumu ni kingine, na hapa ndipo maisha yake yananiuma. Chifu hutakiwa awe mzazi wa watu wote wa himaya yake. Ella alikuwa pia mtu wa chama, SLPP, chama tawala cha Margai, tena waziri. Kofia hizo mbili ziligongana Machi 1967. Matokeo ya uchaguzi yalikaribiana mno kati ya SLPP na chama cha upinzani, APC ya Siaka Stevens. Tarehe 21 Gavana Mkuu akamwapisha Stevens, wakati viti vya machifu vilikuwa bado havijakamilika. Mkuu wa jeshi, Brigedia David Lansana, akawakamata Stevens na Gavana Mkuu, hoja yake ikiwa kwamba machifu wasubiriwe kwanza. Lansana huyo alikuwa shemeji wa Ella, mume wa dada yake Komeh. Siku mbili baadaye maofisa wadogo wakampindua Lansana mwenyewe.

Sidai kwamba Ella alipanga lolote. Nasema kwamba viti vilivyompandisha ndivyo vilivyofanywa kisingizio cha bunduki, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtazama kama mzazi wa wote. Alikamatwa, akafungwa, akavuliwa uchifu. Mbunge wa kawaida anaposhindwa hupoteza kazi. Yeye alipoteza na kiti cha baba yake, kwa karibu robo karne, mpaka serikali ya kijeshi ya NPRC ilipomrudishia mwaka 1992. Wanaosema alinufaika na upendeleo waihesabu na miaka hiyo.

Leo Sierra Leone ina sheria, iliyotiwa saini Januari 2023, inayotenga angalau asilimia 30 ya nafasi kwa wanawake. Ni njia pana kuliko aliyopita Ella, na haiulizi ukoo. Machifu nao bado wana viti vyao bungeni, 14 sasa. Upande huo mambo hayajabadilika sana: kusini mwanamke hugombea uchifu, kaskazini mila humzuia, na mwaka 2009 mwanamke wa ukoo wa kitawala huko Kono, mashariki, alizuiwa kugombea kwa sababu tu ni mwanamke.

Ella alifariki mwaka 2006 akiwa chifu. Binti wa nyumba yake angeweza kuomba kiti cha mama yake, Kaiyamba. Cha baba yake, Marampa, mila isingemruhusu hata kukiomba.