Ukiugua, mwambie anayekudai kabla hajakupigia

Hapa Malindi mtu akilazwa, mtaa mzima hujua siku hiyo hiyo. Watu watamletea uji na kumchangia nauli ya kwenda Mombasa kwa daktari bingwa. Lakini yule anayemdai hufichwa, na simu yake haipokelewi. Naona siri hii inatuumiza kuliko deni lenyewe. Mgonjwa ana haki ya kuomba apunguziwe marejesho, na anayemdai ana wajibu wa kumsikiliza.

Tunajificha kwa haya. Tumelelewa na "dawa ya deni ni kulipa", na kweli deni hulipwa. Ila hakuna aliyesema lilipwe lote Ijumaa hii na mtu asiyeweza kukanyaga chini. Huku pwani Waislamu tuko wengi. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mdai ampe mwenye dhiki muda mpaka apate wasaa, na akimsamehe ni heri zaidi. Mbona kwenye vikao vya mkopo hatuikumbuki?

Jirani yangu wa Shela huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Sukari ilimpanda, kidonda cha mguu kikamweka kitandani. Alikuwa akirejesha shilingi 2,400 kila wiki kwa kampuni ya mikopo midogo, wenzake wa kikundi wakimdhamini, friji na viti vya sebuleni vimeandikwa kuwa dhamana. Akafanya wanavyofanya wengi: akakopa kwenye simu ili alipe kikundi, kisha akakopa kwingine ili alipe simu. Mikopo ya simu hutaka kurudishwa upesi, mara nyingi ndani ya mwezi, na kidonda cha sukari mara nyingi hakiponi kwa mwezi.

Tulikaa naye barazani na daftari la mwanawe. Tukaandika chakula, kodi, dawa, na bodaboda ya kwenda kusafishwa kidonda. Mahamri sasa yalikuwa yanapikwa na bintiye, tena nusu ya kawaida. Baada ya yote palibaki kama 700 kwa wiki. Ndipo tukaandika barua: nambari ya mkopo, ugonjwa ulianza lini, nakala ya karatasi ya hospitali, na ombi la kulipa 600 kila wiki kwa miezi minne, faini zisimamishwe, halafu salio lipangiwe ratiba mpya. Yeye alitaka aahidi 1,000 ili aonekane mkweli. Nilimkatalia. Ukiahidi usichonacho, wiki ya tatu utavunja ahadi, na hapo hutaaminiwa tena.

Barua ilikwenda nakala mbili, moja ikarudi na muhuri wa kupokelewa. Msiudharau muhuri. Afisa wa mikopo mliyeelewana kwa mdomo akihamishwa tawi, atakayekuja ataanza kudai kana kwamba hamkusema lolote. Wenzake wa kikundi pia waliambiwa mapema, maana wao ndio wangelipishwa. Afisa alikataa palepale. Meneja akakubali miezi mitatu.

Watakaokwambia haiwezekani wakumbushe mwaka 2020. Korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mwezi Machi kwamba wenye mikopo binafsi waliokuwa wakilipa vizuri wangeweza kuongezewa muda hadi mwaka mmoja, kila mtu kwa hali yake. Mabenki yalipanga upya mikopo mingi mno na hayakufunga milango. Kama liliwezekana kwa nchi nzima, linawezekana kwa mama mmoja mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tofauti ni kwamba ugonjwa wake haukutangazwa kwenye televisheni.

Sheria nayo haijatutupa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba ya mkopo uliokwama isizidi ule msingi, yaani pesa zenyewe ulizokopa, uliobaki ulipokwama. Kabla jina lako halijapelekwa CRB, yaani ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, kama mdaiwa sugu, unapaswa kupewa notisi ya siku 30. Tumia siku hizo kujadiliana. Na kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa mitandaoni zinawakataza kukutisha, kukutukana au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili uaibike. Wakifanya hivyo, hifadhi ujumbe wao na ulalamike Benki Kuu. Soma pia mkataba wako: huenda ulikatwa pesa za bima ya mkopo siku ya kwanza. Mara nyingi hulipa kwa kifo au ulemavu wa kudumu, lakini uliza.

Lawama yangu kubwa ni kwa wakopeshaji. Wana fomu ya kuomba mkopo, fomu ya wadhamini, fomu ya dhamana. Fomu ya mteja aliyeugua hawana, kwa hiyo mgonjwa anabaki kutegemea huruma ya afisa mwenye malengo ya mwezi. Iwekwe pale mezani pamoja na nyingine, na jibu litolewe kwa maandishi ndani ya wiki moja. Vikundi vyetu navyo viandike kwenye katiba zao kwamba mwanachama aliyelazwa atalipa anachoweza, na mfuko wa jamii ujazie pengo kwa miezi mitatu ya kwanza. Kikao chetu kijacho nitalipeleka ombi hilo mimi mwenyewe.