Kamba haina kosa

Kitanda cha bibi yangu kilikuwa kimebonyea katikati kama hori. Akilala, mgongo unakaribia sakafu. Akitaka kuamka, lazima mtu ampe mkono. Sisi wajukuu tukakata shauri kwamba kamba zimekwisha, zinunuliwe mpya. Akaitwa fundi wa kuwamba vitanda, mzee wa hapa hapa Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu). Akapitisha kidole kwenye kamba, moja baada ya nyingine, akavuta, akatikisa kichwa. "Kamba haina kosa, mjukuu wangu. Mafundo ndiyo yameachia."

Akafungua upande wa miguuni, akaanza kuvuta safu kwa safu, kila safu akiibana kwa kigingi kabla hajagusa inayofuata. Kamba zile zile, mbao zile zile. Kufika alasiri, ukikipiga kofi kitanda kinalia kama ngoma.

Mimi nafundisha baiolojia, masomo ya jioni, na maneno ya yule mzee yalinigusa penye kidonda. Mchoro wa seli tuliokua nao ni yai la kukaanga: duara, kiini katikati, kilichobaki uji. Mwanafunzi mwenye bahati huambiwa kwamba ndani mna kiunzi, saitoskeletoni, chenye nyuzi za aina tatu. Basi anakariri unene wake: aktini nanomita 7, nyuzi za kati 10, maikrotubuli 25. Mtihani ukipita, yamepita. Ni kama kumweleza mtu kitanda kwa kumpa bunda la kamba na rula.

Nasema tunafundisha kamba na kuacha mafundo, ilhali ugumu na ulaini wa seli kwa sehemu kubwa umo kwenye mafundo. Nayo mafundo ni protini.

Nyuzi za aktini zikiwa peke yake majini huteleza zikapishana. Ukiinamisha chombo, zinamwagika. Tia filamini, protini yenye umbo la panda ya manati, ambayo hushika uzi mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono ule. Mchanganyiko unaganda kama faluda. Badala yake ukitia fasini, nyuzi hulala sambamba zikabanana kama ufagio wa chelewa. Kijiti kimoja hupinda, fungu husimama. Hivyo ndivyo seli inavyotoa vidole vyembamba kupapasa njia. Uzi haukubadilika hata kidogo.

Tena mafundo mengi kati ya haya hayakufungwa yadumu. Alfa-aktinini, fundo jingine la aktini, hushika, ikaachia, ikashika tena, kwa muda wa sekunde tu. Ndiyo maana seli ukiivuta ghafla hukataa kama kitu kigumu, na ukiivuta taratibu hukubali, ikatiririka. Halafu kuna miosini, protini ya ukoo mmoja na ile ya misuli, inayozivuta nyuzi kutoka ndani, na wavu ukishavutwa huwa mgumu kuliko ulipokuwa umelegea. Yule fundi hapo ningempa chaki aendelee mwenyewe.

Mtu atauliza: kwani fundo likikaza zaidi si ndiyo bora? Niliwahi kudhani hivyo, mpaka niliposoma habari za figo. Kuna familia zinazorithi badiliko dogo katika alfa-aktinini-4, mmoja wa ukoo wa alfa-aktinini, na protini hiyo ikaishika aktini kwa nguvu kupita kawaida. Sasa, kwenye chujio la figo kuna seli zilizoikumbatia mishipa midogo kama pweza aliyekumbatia jiwe. Kila moyo unapopiga, damu inazisukuma, nazo lazima zinyumbuke. Fundo likigoma kuachia, mambo yanaharibika kidogo kidogo: protini zinavuja kwenye mkojo, chujio linaota makovu, na miaka ikienda figo zinashindwa kazi. Uzi wenyewe mzima.

Lakini kinachotuhusu zaidi sisi wa Pwani ni damu. Seli nyekundu haina kiini wala maikrotubuli. Chini ya utando wake umetandazwa wavu wa nyuzi za protini iitwayo spektrini, macho yake ya pembe sita kama jarife, na protini ya ankirini na wenzake ndiyo mafundo yanayoufungia kwenye utando. Uzi mmoja wa spektrini ukinyooshwa hufika nanomita 200, ila ndani ya seli hukaa umejikunja, na akiba hiyo ndiyo inayoiokoa seli ya maikromita 7 au 8 kupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, siku 120 za uhai wake. Mtu akizaliwa na upungufu wa ankirini, seli zake huviringana kama gololi, zikakwama kwenye bandama, zikavunjwa.

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinaujua wavu huu kuliko wanafunzi wangu. Kikishaingia hutuma protini zake zikajipachike kwenye spektrini. Seli inakakamaa, inaota vinundu vinavyoishikiza kwenye kuta za mishipa. Tukisema malaria imempanda mtu kichwani, sehemu ya habari ndiyo hiyo: seli ngumu, zinazonata, zimeziba mishipa ya ubongo.

Mwaka 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa tiba pale Kilifi, pamoja na wenzao wa Uingereza walitangaza walichokiona katika seli nyekundu za watoto 42 wa Kilifi. Baadhi yao wamerithi aina ya damu iitwayo Dantu. Utando wa seli zao, kwa wastani, umewambwa zaidi, na ukishapita kiasi fulani kimelea kinagonga, kinasukuma, hakiingii. Hapo ni mvutano wa utando unaozungumzwa, si wavu peke yake, lakini hesabu ni ile ile ya kukaza na kulegea.

Damu ilitoka kwa watoto wa kaunti yetu. Nimeuliza darasani, nimewauliza walimu wenzangu, nimemuuliza muuguzi jirani yangu: hakuna aliyewahi kulisikia neno Dantu. Mimi mwenyewe nililipata kwa Kiingereza, kwa bahati. Nikisema lisomeshwe kwa Kiswahili naambiwa istilahi hakuna. Istilahi gani? Kuwamba, kulegea, kukaza, kunyumbuka, kukakamaa: yote yule mzee aliyataja kabla hajamaliza kikombe cha kahawa.

Bibi, kwa upande wake, analalamika. Kitanda kimekuwa kigumu mno, mbavu zinamuuma, hajapata usingizi tangu Jumatatu. Nimempigia fundi simu, akacheka. "Mwambie akilalie. Wiki mbili tu, kitamzoea."